Kadi Iliyosema AB

Msiniite daktari. Nilikuwa mtu wa maabara tangu nilipoajiriwa mpaka siku niliyokabidhi funguo, na heshima hiyo inanitosha. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazini sasa, mkiwa na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani. Najua mna mashine. Najua siku hizi mnatia damu kwenye vile vijishimo vya jeli, mashine inazungusha, na jibu linakaa palepale likiwangoja hata mkienda kunywa chai. Sisi tulikuwa na kigae cheupe, kama kile cha kubandika bafuni, na macho yetu. Chai ndiyo iliyongoja.

Lakini mashine hukataa. Hapa kwetu hukataa kwa sababu ya vumbi, kwa sababu ya joto, kwa sababu stima imepotea, au imeamua tu. Siku hiyo mtarudi kwenye kigae, na siku hiyo nataka mnikumbuke. Mkumbuke kosa langu, si sifa zangu. Sifa nilizisikia kwenye sherehe ya kuniaga, na nyingi zilikuwa za uongo.

Aliyenifundisha kigae ni Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma. Aliletwa Lodwar miaka mingi kabla yangu, na kila Januari alitangaza kwamba mwaka huo ndio anarudi Kenya. Mnajua sisi mtu akivuka Kainuk, mpakani mwa Turkana, tunasema ameenda Kenya. Wekesa aliuchukua msemo wetu akautumia kuliko wenyewe. Alikuwa mkali, na joto lilimwongezea. Ila mikono yake ilikuwa na utulivu ambao sijauona tena kwa mtu yeyote.

Wiki yangu ya kwanza nilipima damu ya mwalimu mmoja wa Kanamkemer. Nikaweka matone, nikayachanganya na dawa, halafu mtu akaniita dirishani. Mnajua salamu zetu. Ejok, ejok noi, watoto, mbuzi, mvua, mama mkwe. Niliporudi, matone yalikuwa na vipunje vipunje ukingoni. Nikaandika kundi A, nikajiona bingwa. Wekesa alikichukua kigae akakisogeza mpaka karibu na pua.

"Hii imekauka," akasema. "Umepima kundi la damu la jua. Mwalimu mwenyewe bado hujampima."

Vitabu vinawaambia mnazo dakika mbili za kusoma jibu. Vitabu viliandikwa na watu wa baridi. Lodwar, adhuhuri, dirisha likiwa wazi, tone huanza kukauka pembeni kabla ya hapo, na damu iliyokauka hufanana sana na damu iliyoshikana. Inamisha kigae huku na huku, soma ungali umesimama, andika, ndipo uitikie salamu. Watakuona huna adabu. Waache wakuone hivyo.

Sasa tuzungumzie makundi yenyewe, maana najua mliyakariri kwa mtihani mkayasahau siku ya pili. Mzee mmoja wa Nakalale aliwahi kunibishia kweli kweli. Mjukuu wake alihitaji damu, mzee akajitolea, nikampima nikamwambia yake haifai. Akakasirika.

"Mimi nimekunywa damu ya ng'ombe tangu nikiwa mtoto," akaniambia kwa Kiturkana. "Ya ng'ombe, ya ngamia, ya mbuzi. Hakuna iliyonikataa. Leo unaniambia damu yangu imkatae mtoto wa mtoto wangu?"

"Ukiinywa, mzee, tumbo linaivunja kwanza kama linavyovunja nyama. Mshipani hakuna tumbo. Inaingia ikiwa nzima, na alama yake."

"Alama gani?"

"Ng'ombe mgeni akiingia zizini mwako, unaangalia nini?"

Alicheka kidogo, akaenda kumtafuta mjomba wa mtoto. Tangu siku hiyo nimetumia alama za mifugo kwa kila mtu, hata kwa madaktari. Chembe za damu zina alama. Wa kundi A ana moja, wa B ana nyingine, wa AB anazo zote mbili, na wa O hana hata moja. Kinga ya mwili inazijua alama za kwao tu. Mtu wa O akiwekewa damu ya A, kinga yake, ambayo imekuwa na silaha dhidi ya alama hizo tangu utotoni bila kufundishwa na yeyote, inazivamia chembe zile ngeni na kuzipasua humo humo mishipani. Figo zinajaa uchafu. Mtu anaweza kufa kabla pakiti haijafika nusu. Wa AB ni kinyume chake. Alama zote ni za kwao, kwa hiyo hapigani na damu ya mtu. Ndiyo maana mkiona AB kwenye kadi, roho zenu zinatulia. Yangu ilitulia pia.

Wekesa alikuwa na tone moja la ziada. Akishaweka tone la dawa ya A, la dawa ya B, na la ile ya chanya na hasi, aliweka la nne pembeni. Hilo lilikuwa chembe za mgonjwa pamoja na maji ya damu yake mwenyewe, bila dawa yoyote. Aliliita shahidi. Mtu hapigani na damu yake, kwa hiyo shahidi lazima abaki laini. Shahidi akishikana kama wenzake, basi kuna kitu kingine kinachoishikanisha damu hiyo, na matone yote yaliyobaki hayaaminiki.

Shahidi anachosha. Inabidi uizungushe damu kwanza upate maji yake, na watu wamejaa dirishani. Wekesa alipostaafu kweli akaenda zake Bungoma, niliendelea na shahidi mwaka mmoja, miwili. Kila siku alikuwa laini. Nikaanza kumruka siku za shughuli nyingi, kisha nikamruka siku zote. Hakuna aliyeniambia niache. Niliacha kwa sababu nilijiona hodari, na nawaomba muisome sentensi hiyo mara mbili.

Siku yenyewe ilianza asubuhi, saa tatu hivi. Mwanamke aliingia na mumewe amemwegemeza begani, wametoka Namoruputh. Mume aliitwa Ekal, mtu mrefu aliyebaki mifupa, bandama limevimba mpaka linaonekana chini ya shuka. Ilikuwa kala-azar, ule ugonjwa wa usubi wa vichuguuni ambao watu wa Loima, pande hizo za Namoruputh, wanaujua kuliko wauguzi. Mke aliitwa Nakiru. Alisimama mbele ya dirisha langu akaniangalia mikono.

Damu ya Ekal ilikuwa imepungua kiasi cha kutisha. Hospitali yetu, ambayo jina lake sitaliandika, haikuwa na pakiti hata moja siku hiyo, na sindano za kala-azar zilikuwa zimetuishia. Kakuma kulikuwa na sindano, na walituambia friji yao ina damu. Ambulensi ilikuwa tayari uani. Dereva, Lokwang, alikuwa anapiga honi. Daktari akapaza sauti kutoka mlangoni: "Mama, kundi tu! Andika kundi waende!"

Niliweka matone matatu. Yote matatu yalishikana, tena upesi, vipunje vikubwa vizuri. A imeshikana, B imeshikana, chanya imeshikana. AB chanya. Sikungoja yakauke, sikusalimu mtu, nilisoma kwa wakati. Shahidi sikumweka. Nikachukua kadi yake nikaandika AB kwa herufi kubwa na kutia sahihi, na nilifurahi kwa ajili yake kwa sababu wa AB hapati shida ya damu.

Nakiru aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la nguo yake. Wakaondoka.

Adhuhuri ndipo mambo yaliponigeukia. Aliletwa mgonjwa mwingine wa kala-azar, msichana, na dirishani hapakuwa na mtu, na sijui kwa nini, labda kwa sababu tu nilikuwa na nafasi, nikamweka shahidi. Matone matatu yakashikana. Nikasema moyoni, AB wawili siku moja, ajabu. Kisha nikamtazama shahidi. Naye alikuwa ameshikana.

Nikadondosha maji ya chumvi juu ya vile vipunje, vikaachana polepole mpaka tone likawa laini. Nikatazama kwa hadubini. Chembe zilikuwa zimelaliana moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani. Hazikuwa zinapigana na chochote. Kala-azar huifanya kinga ya mwili itengeneze protini nyingi kupita kiasi, protini hizo zinaifanya damu inate, na damu inayonata hulaliana hivyo. Kwenye kigae, kwa macho, inafanana kabisa na damu iliyoshikana kwa dawa. Wekesa alinieleza haya. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari.

Kichupa cha damu niliyompimia Ekal asubuhi kilikuwa bado kwenye friji. Niliziosha chembe zake kwa maji ya chumvi mara tatu. Nikaweka matone upya pamoja na shahidi, safari hii kwa maji ya chumvi badala ya maji ya damu yake yanayonata. Shahidi akawa laini. A laini. B laini. Chanya pekee ndiyo iliyoshikana.

Ekal alikuwa O. Na alikuwa njiani kwenda kuwekewa damu akiwa na kadi yangu inayosema apewe yoyote.

Nilimpigia fundi wa maabara wa Kakuma. Hapatikani. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekwenda kumzika baba yake, na kwamba dawa za kupima kundi zilikuwa zimewaishia, na kwamba kwenye friji yao kulikuwa na pakiti moja tu, ya kundi A. Nikapiga simu ya wodi. Inalia, haishikwi. Nikapiga tena. Nikampigia Lokwang, nikaambiwa yuko nje ya mtandao, nikapiga tena, na tena, nikitembea uani na kiatu kimoja cha kazi kwa sababu kingine kilikuwa kimenichomoka na sikutaka kusimama. Mara ya tano au ya sita ikaita.

"Mama, ejok," akaitika, mdomo umejaa chakula.

"Lokwang, mgonjwa yuko wapi?"

"Sisi tumefika kitambo. Yeye iko wodi. Nasikia yeye naanza kuwekewa damu."

"Kimbia! Waambie wafunge hiyo damu!"

"Gani damu? Si ile..."

"Acha sahani, Lokwang! Kimbia!"

Nilimsikia akikimbia. Nilisikia changarawe, pumzi zake, mtu akimuuliza anakwenda wapi, mlango. Kisha sauti nyingi kwa pamoja, na juu yao sauti ya mwanamke ikisema kwa Kiturkana, bila kupumzika: hapana, hapana, hapana. Simu ikachukuliwa na muuguzi mmoja Mkongo aitwaye Furaha, mkimbizi aliyekuwa akifanya kazi wodini.

"Allo? Ni nani?"

"Maabara ya Lodwar."

"Mama, afazali umepiga! Ule mugonjwa iko natetemeka sana. Na bibi yake amekunja tiyo ya damu na mukono, anakatala kuiachia. Tunamuonyesha karte, karte inasema AB, AB anapokea damu yote. Hasikie Kiswahili. Dokta anasema tumutoshe inje ya wodi."

Nataka mwelewe hali ilivyokuwa. Mwanamke yule alikuwa ameukunja mrija wa damu, ameushika kwenye ngumi, na watu watatu wenye elimu walikuwa wakimwelekeza kwenye kadi. Kadi ilikuwa na mwandiko wangu na sahihi yangu. Nilikuwa nimewapa silaha ya kumshinda.

"Furaha, sikiliza. Kadi hiyo niliiandika mimi na si ya kweli. Huyo ni O. Fungeni damu, toeni mrija wote, wekeni mwingine mpya wenye maji ya chumvi. Pakiti msiitupe. Na mkojo wake muuangalie."

Furaha akasema, "Yesu wangu."

"Toa sauti nje, mke wake anisikie."

Nikasikia wodi nzima inafunguka. Nikasema kwa Kiturkana: "Nakiru, ni mimi niliyempima mume wako asubuhi. Nimekosea. Usiuachilie huo mrija mpaka waitoe sindano."

Akajibu, wala hakuwa amepandisha sauti: "Sikuwa na nia ya kuuachilia."

Niliweka kigae, dawa na chupa za kupimia ndani ya kijisanduku cha barafu, nikakodi Probox, nikaenda. Dereva alitaka maongezi, nikamwambia nyamaza. Lami ya Kakuma ni nzuri sasa, lakini siku ile niliilaumu kwa kila kilomita. Nilikuwa nikijiuliza swali moja tu njia nzima. Je, ni kiasi gani kilichoingia?

Kilikuwa kimeingia kama vijiko vitatu vinne vya chakula. Ekal alikuwa hai. Mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai ya mkandaa iliyochemka kupita kiasi, na mwili umechemka, na alipumua kama mtu aliyekimbia. Nakiru alikuwa ameketi sakafuni karibu na kichwa chake. Kidole chake kimoja kilikuwa na alama nyekundu ya mrija.

Nilimuuliza alijuaje. Aliniambia mumewe alisema mkono unaungua na mgongo unavunjika, kisha akasema anakufa, na yeye si mtu wa kusema hivyo. Akaniambia tangu akiwa msichana alikuwa akikinga damu ya ng'ombe kwenye kibuyu nyumbani kwao, na kazi ya anayekinga ni kumwangalia mnyama machoni. "Ng'ombe akiyumba unaacha," akasema. "Nyinyi mlikuwa mnangoja aanguke."

Furaha, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, hakuelewa maneno lakini alielewa uso wangu, akanishika bega.

Shida haikuwa imekwisha. Damu ya Ekal ilikuwa chini kuliko asubuhi, na sasa alihitaji pakiti ya O upesi. Haikuwapo. Furaha ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikampima, B. Daktari wa zamu, kijana mzuri aliyekuwa na aibu kama yangu, alikuwa A. Mimi nilijua kundi langu tangu chuoni. Ni O chanya, na nilikuwa nachangia damu kila niliporuhusiwa. Tukapima magonjwa yote yanayopimwa, nikawa safi. Nikamwambia Nakiru kwamba nitampa mume wake damu yangu.

"Hapana," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Nikarudia.

"Nimekusikia. Asubuhi ulichukua tone, ukaandika, ukanipa karatasi. Karatasi sitaki. Nionyeshe."

Daktari alinong'ona kwamba tunapoteza wakati. Alisema kweli. Lakini mwili ulikuwa wa mume wake, na mtu pekee aliyekuwa sahihi siku nzima alikuwa yeye. Nikaweka kigae kwenye kiti cha plastiki, karibu na dirisha, mwanga ukiwa bado mzuri. Nakiru akapiga magoti. Nikayapunguza maji ya damu ya Ekal kwa maji ya chumvi yasinate, nikamweka shahidi kwanza, nikamweleza ni nani. Nikachukua maji hayo ya damu nikayachanganya na chembe zangu. Tukainama wote wawili, vichwa vimegusana. Niliinamisha kigae huku na huku. Tone lilibaki laini, jekundu, halina kitu.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu na yake pamoja."

Akaitazama muda mrefu. Nikafikiri tumemaliza. Kisha akasema, "Na ile ya mchana?"

Sikutaka. Nawaambia ukweli, nilitafuta sababu ya kukataa. Lakini ile pakiti ya A ilikuwa pale kwenye trei, imefungwa. Nikatoa tone moja, nikalichanganya na maji yale yale ya damu ya Ekal kwenye kona ya kigae. Halikuchukua muda. Ule wekundu ulijikusanya mbele ya macho yetu ukawa vipunje, vipunje vikawa mabonge, na katikati yake yakabaki maji matupu.

Nakiru hakukiondoa kichwa chake. "Hiki ndicho kilichokuwa kinafanyika ndani yake?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya karatasi yako?"

"Ndiyo."

Alinyanyuka akaniangalia usoni, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nilitamani anipige, ingekuwa nafuu. Akasema, "Basi toa."

Nikatoa. Damu yangu ilipoanza kuingia kwa Ekal, mimi nilikuwa nimelala kitanda cha pili na pamba mkononi, na Furaha ameketi baina yetu ameshika saa. Robo saa ya kwanza ndiyo ya kuogopwa. Kaeni na mgonjwa robo saa ya kwanza, msiende popote. Nilikuwa nikisikiliza pumzi zake tu. Dakika ya tano, hakuna. Ya kumi, akahema kwa nguvu, nikainuka nusu, Furaha akanirudisha chini. Ilipopita robo saa, Ekal aligeuza kichwa, akamtazama mkewe, na kwa sauti iliyokauka akamwuliza kama amebeba tumbaku yake.

"Nimekuletea damu, wewe unataka tumbaku," Nakiru akamwambia, na ndipo alipoanza kulia. Nami nililia, na wala sikuona haya.

Figo zake zilisumbua siku kadhaa, kisha mkojo ukarudi rangi yake. Akamaliza sindano zote za kala-azar, akarudi Namoruputh na mke wake. Mimi niliandika ripoti ya kosa langu kwa mkono wangu, nikaitwa, nikafokewa, nikastahili. Shahidi akarudishwa kwenye kila kigae.

Jambo moja sikuliandika kwenye ripoti. Nilimpigia Wekesa simu Bungoma nimweleze yote. Nilitegemea kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Alipona?"

"Alipona, bwana."

"Basi una bahati kuliko mimi," akasema, akakata. Hakuwahi kunieleza, na mimi sikuuliza. Ila nilielewa kwa nini mtu yule hakuwahi kumruka shahidi, hata siku moja, na kwa nini ukali wake ulikuwa mkubwa kuliko joto la Lodwar.

Nakiru nilimwona tena mara moja tu, mwaka niliokuwa nakaribia kustaafu. Alikuja Lodwar na mkaza mwanawe, mjamzito wa miezi minane, aliyetumwa apimwe kundi la damu. Siku hizo dirishani alikaa kijana mmoja hodari, mwenye vyeti na zile kadi zake za jeli. Mimi nilikuwa nyuma, napanga makabrasha. Kijana akamkaribisha vizuri, akanyoosha mkono apokee fomu.

Nakiru hakumpa. Aliinua kidole akakielekeza kwangu kule nyuma, akasema kwa Kiturkana. Kijana hakujua lugha, akaniuliza mama huyu anasema nini. Miaka yote ile ya kazi hakuna aliyenipa heshima kubwa kuliko hiyo.

Alikuwa amesema, "Nataka yule. Yule anaogopa."